Mnyama Aliyezikwa kwa Jina Langu

Kambini, bonde la Ruhuhu, Tanganyika
14 Mei 1933

Kwa shemeji yangu Joram Nganga, fundi cherehani, Kericho.

Nakusalimu wewe, Bilhah na watoto, na cherehani yako pia, maana najua ndiyo unayoiangalia kuliko wote hao. Mimi sijambo. Kile kikohozi nilichotoka nacho kwenye baridi ya mashamba ya chai kilikwisha juma la kwanza, kwa sababu huku ni jua tupu. Msalimie dada yako Nyathira. Barua yake ya Februari nimeipata, na nimefurahi kusikia amehamia kile chumba cha mwisho cha laini ya vibarua wa chai ambacho hakivuji.

Uliniuliza ni kazi gani hii inayomfanya mtu aache kitalu cha chai aende mwisho wa dunia. Bwana wetu anatafuta mifupa ya zamani iliyogeuka mawe. Alikuwa mgeni wa meneja, anatembea tembea na kikombe mkononi, akaniona nikitoa miche ya chai ardhini bila kukata mzizi. Kesho yake aliniomba kwa meneja kama mtu anayeazima jembe. Na kweli kazi ni ile ile. Mfupa umekaa ndani ya mwamba, ukiuvuta unakatika. Unakwangua pembeni polepole mpaka uachie wenyewe.

Mwezi uliopita tulipata mnyama ambaye Bwana mwenyewe hana jina lake. Kimo chake ni cha ndama, lakini ni mrefu, na mkia wake ni mrefu zaidi. Ni wa ukoo wa mamba, ila Bwana anasema hakula nyama. Pua yake ni kama ya nguruwe, alichimbua mizizi. Mgongo wake wote, kutoka shingoni mpaka mkiani, umefunikwa na vipande bapa vya mfupa, kila kimoja kimelalia mwenzake kama mabati ya paa, na penye bega ana mwiba kila upande. Ukimfikiria kakakuona mkubwa kuliko mbuzi utakuwa karibu. Bwana anasema alikufa kabla hajaruka ndege wa kwanza. Nikamwuliza kama ni kabla ya Adamu. Akaniambia nimletee chai.

Juma lililopita simba alimchukua mpagazi mmoja mtoni. Tulikuta shati tu. Usimwambie Nyathira.

Sasa jambo lenyewe. Jana wapagazi waliondoka na masanduku ya Bwana kwenda Lindi, na langu moja limo. Litapanda meli mpaka Mombasa, kisha treni mpaka Fort Ternan. Ndani kuna blanketi nyekundu ya baba, leso za mama, na kitambaa cha Nyathira ambacho utamshonea wewe, na usimwibie kipande. Mwambie baba atume mtu stesheni. Nimefunga juu yake kadi yenye jina langu lisipotee. Krismasi nitakuja mwenyewe, nijenge nyumba yangu kwa baba, nimtoe Nyathira kwenye laini.

Ni mimi shemeji yako,
Kepher Ojwang


Kericho
2 Septemba 1933

Kwa Kepher Ojwang, kama yupo.

Salamu. Bilhah amejifungua msichana, mama na mtoto hawajambo. Mvua ya mawe imepiga chai ya upande wa juu ikabaki vijiti, na meneja ana hasira na kila mtu. Mhindi mwenye duka ameniruhusu nisogeze cherehani karibu na mlango, kwa hiyo silowi tena. Nimetanguliza habari hizo kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuandika barua, na kwa sababu sijui pa kuanzia hii nyingine.

Barua yako ya Mei imenifikia jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Shemeji, tulikuzika mwezi wa Julai.

Nakueleza ilivyokuwa, na kama u hai utanisahihisha. Baba yako mdogo Okello alikuwa Fort Ternan akiuza kuku. Karani wa mizigo akaita jina lako. Okello akasema huyo ni mtoto wa ndugu yangu. Wakamletea sanduku, na ubavuni limepakwa rangi nyeusi neno moja la Kiingereza. Akauliza ni nini.

“Hapa imeandikwa mifupa,” karani akasema.

“Mifupa ya nani?”

“Jina iko hapa juu, mzee. Kepher Ojwang.”

Wakalibeba watu wawili kwa mti mpaka kwenu Nyando. Lilikuwa zito mno, na wazee wakasema Wazungu hufunga maiti kwa mabati ya madini ya risasi. Tulipofika mimi na Nyathira, shimo lilikuwa tayari, kando ya nyumba ya mama yako, kwa kuwa wewe hukuwa umejenga. Nilimwuliza Okello kwa nini wasilifungue tuone. Alinitazama kama mtoto mjinga. “Mtu wetu akitoka mbali namna hiyo hatufungui,” akasema. “Tunamweka chini.” Basi tukakuweka. Mwalimu wa kanisa alihubiri, wakalia kwa Kijaluo kwa siku kadhaa, na ng'ombe dume wa baba yako alichinjwa. Nyathira alivalishwa lile koti lako la kitalu kama ilivyo desturi ya kwenu kwa mjane. Bado analo.

Barua hii yako sijamwonyesha mtu. Sanduku la blanketi unalolitaja hatukuliona, lililokuja ni hilo zito lililoandikwa mifupa. Tarehe yake ni ya kabla ya sanduku, na mtu anaweza kuandika Mei na simba akamchukua Juni. Siwezi kumpa dada yangu mume leo halafu nimnyang'anye kesho. Kwa hiyo nangoja.

Ukiwa mzima, jibu upesi. Kama hu mzima, basi nimeandika kwa kutua mzigo wangu tu, na Mungu akupumzishe.

Joram Nganga


Kambini, Ruhuhu
29 Oktoba 1933

Shemeji Joram,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo, salamu zifuate. Msalimie Bilhah, na hongera kwa mtoto. Mimi sina ugonjwa wowote isipokuwa funza kidoleni.

Nilipokuwa nasoma barua yako nilicheka. Nilicheka mpaka mpishi akaja kuangalia. Halafu nikafika pale ulipoandika ng'ombe dume wa baba, namjua yule ng'ombe, na kicheko kikakatika.

Kosa ni hili. Masanduku yote ni ya petroli, yanafanana, na Bwana aliyapaka neno lile yote kabla ya kufunga, hata lile alilonipa mimi. Kilichoyatofautisha ni kadi zilizofungwa kwa kamba. Asubuhi ya wapagazi mvua ilinyesha, kadi mbili za mwisho nilikuwa nazo mkononi, na watu walikuwa wananipigia kelele niharakishe. Nilifunga yangu kwenye sanduku la Bwana na ya Bwana kwenye langu. Kwa hiyo blanketi ya baba iko London. Na ndani ya kaburi langu mmeweka mgongo wa yule mnyama niliyekuandikia, na mwiba wake wa bega la kushoto.

Ni kipande bora, shemeji. Mimi ndiye niliyekitoa mwambani, na kilinichukua mwezi mzima. Bwana anasema mnyama yule bila mgongo ni mjusi tu kama mijusi mingine. Bado hajui, maana barua za London zinachelewa.

Nakuomba ushuke Nyando mwenyewe, usimtume mtu. Anza na Nyathira. Mwambie avue lile koti, mfuko wa kushoto una tundu. Kisha mwambie baba kwamba mimi ni hai na Krismasi sitafika, ila nitafika. Mama mwambie taratibu.

Kepher


Kericho
30 Desemba 1933

Kwa shemeji Kepher,

Tunamshukuru Mungu, na mimi mwenyewe nimemshukuru zaidi ya nilivyodhani najua. Hatujambo hapa. Krismasi ilikuwa baridi. Mtoto amebatizwa, akapiga kelele kanisa zima, na Bilhah anasema sauti ni ya upande wangu.

Nyathira nilimwambia hapa barazani. Aliketi chini kwenye vipande vya nguo. Zaidi ya hapo siandiki, hayo ni yenu wawili na kwetu shemeji haingii huko.

Halafu nilishuka Nyando. Nilidhani nitapokewa kama mleta habari njema, hata nilivaa koti la Jumapili. Mzee Ojwang alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimekula. Mama yako alikuwa anapepeta mtama, akaendelea kupepeta, lakini nikaona ungo hauna kitu. Wakaitwa wazee. Okello ndiye aliyesema.

“Kaburi hii imeliliwa,” akaniambia. “Watu walilia, ng'ombe ilianguka. Ukiifungua itataka mtu. Itaanza na yule jina yake iko ndani.”

“Lakini huyo mtu ni mzima, mzee,” nikasema. “Ndani iko mawe.”

“Basi akae huko na uzima yake.”

Ndivyo mambo yalivyo. Kwa kifupi, wewe kwa baba yako umekufa. Ukiingia langoni kama mtoto wa boma, wanasema kaburi litakuchukua wewe au litamchukua jirani yako wa karibu, na jirani yako wa karibu pale ni mama. Mzee Ojwang ni Mkristo, nilimkumbusha. Akasema yeye ni Mkristo, lakini kaburi si Mkristo.

Sasa nikwambie ninavyoona mimi, na usikasirike. Babu zangu maiti waliwapeleka porini wakaliwa na fisi, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Sisi kuzika tumejifunza juzi kwa wamisheni. Kwa hiyo pale nilipoambiwa kuna kaburi, mimi nimeona shimo, sanduku na jembe. Mwambie Bwana wako sanduku liko wapi. Ataandika kwa Bwana DC hapa, askari watakuja na kulichimbua, Bwana atapata mgongo wake, na wewe utarudi kwenu. Wazee watanung'unika mwaka mmoja halafu watachoka.

Shemeji yako,
Joram


Bomani, Tanganyika
18 Februari 1934

Shemeji,

Salamu kwa wote. Mimi sijambo. Naandika kwa penseli ya kuazima, usishangae. Nimehama kambi kwa muda. Barua zako sasa mwandikie mganga wa zahanati ya hapa bomani, jina lake nimeweka nyuma ya bahasha, ni Mngoni mwema, naye atanipa.

Blanketi ya baba imefunguliwa London na Bwana ameandikiwa. Alikuja na ile barua mkononi, akaniuliza sanduku lake liko wapi. Nikamwambia lilifika Fort Ternan, watu wa kwetu wakaogopa neno la mifupa wakalitupa katika mto Nyando. Bwana si mjinga, akasema mawe yale hayatupwi na watu wawili bila kufunguliwa kwanza. Anadhani nimeliuza kwa Mzungu mwingine anayetafuta kama yeye. Na aendelee kudhani.

Ushauri wako nimeusoma mara nyingi. Jibu langu ni hapana. Mimi mwenyewe siamini kaburi linataka mtu. Lakini mama anaamini, na askari wakichimbua pale kando ya mlango wake, kila kikohozi chake tangu siku hiyo kitakuwa ni kaburi. Hatalala. Namjua mama. Siwezi kununua kurudi kwangu kwa usingizi wake. Usimwambie Bwana DC neno.

Chakula hapa si kibaya.

Kepher


Kericho
22 Aprili 1934

Kwa shemeji Kepher Ojwang, jela.

Ulidhani sitajua? Mimi ni fundi nguo, sare za jela nimeshona hapa miaka miwili, na mtu anayesema amehama kambi na chakula si kibaya najua anavaa nini. Nakusalimu hivyo hivyo. Sisi sote tuko salama, na nina mambo ya kukueleza ambayo huwezi kuyazuia tena kwa sababu yamekwisha kutendeka.

Nyathira aliniomba barua yako. Nikamsomea, akasema nisome tena. Akauliza jela ni miaka mingapi kwa kitu kama hicho, nikasema sijui. Akauliza kama askari wasipochimbua, akachimbua mtu mwingine, itakuwaje. Nikamwambia aache mchezo. Akaenda zake. Nilidhani maneno yamekwisha, hivi ndivyo ninavyomjua dada yangu.

Jumapili ya Pasaka alishuka Nyando na jembe na gunia na ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wetu hubebea kuni. Boma lote lilikuwa kanisani isipokuwa mama yako, ambaye mguu ulikuwa unamwuma. Nyathira alichimba mchana kweupe. Alipofika kwenye sanduku alilipasua mbao humo humo shimoni, akapanga mawe yako ndani ya gunia, akaweka mkanda kwenye paji la uso na kusimama. Anasema amewahi kubeba kuni nzito zaidi. Sijui kama ni kweli, lakini alitembea hivyo mpaka Fort Ternan, ameinama, na watu njiani wakidhani anapeleka viazi.

Mama yako alimwona. Hilo ndilo Nyathira anarudia kuniambia. Alikuwa ameketi mlangoni tangu jembe la kwanza. Hakupiga kelele na hakuita mtu. Kazi ilipokaribia kwisha alichukua ufagio akaingia ndani.

Jumanne dada yangu alikuja hapa na gunia katika lori la mbao kutoka Kedowa, na shingo imevimba. Tukaenda kwa Bwana DC pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Bwana DC alitoa kipande kimoja akakiweka mezani, akakizungusha, akauliza ni kobe wa aina gani. Nikamweleza kama ulivyonieleza: pua ya nguruwe, mizizi, mabati. Akaandika simu ya waya siku ile ile kwenda huko Tanganyika. Gunia limefungwa kwa lakiri na limekwenda Mombasa. Nadhani utakuwa umesikia kabla ya barua hii.

Mzee Ojwang alirudi kutoka kanisani akakuta shimo. Hakuja kwangu na hakwenda kwa polisi. Alichukua jembe, akarudisha udongo wote mwenyewe, Okello alipotaka kumsaidia akamkataza. Akaweka mawe juu kama yalivyokuwa. Akasema mwanamke amechukua mawe ya Wazungu, lakini mtoto wake yeye bado yumo. Nyathira asikanyage tena pale. Hayo aliyasema mbele ya watu, na sina namna ya kuyalainisha.

Nimemkasirikia sana dada yangu. Na kila jioni ninapofunga cherehani najikuta namsimulia mtu mwingine habari ya ule mkanda.

Joram


Kambini, Ruhuhu
8 Julai 1934

Shemeji Joram,

Nakusalimu na nyumba yako. Nimetoka. Nilitolewa siku mbili baada ya simu ya waya, na mganga Mngoni akanisindikiza mpaka kambini kama mtu aliyeshinda kesi.

Bwana hakusema amekosea. Alinipa buti zake za zamani. Gunia lilipofika tulipanga vipande juu ya turubai mimi naye, mpaka ukaonekana mgongo mzima. Viwili vimepasuka kwa jembe la Nyathira. Nimeviunga kwa gundi, na ukitazama vizuri utaona ufa. Bwana alitaka kujua aliyevipasua. Nikamwambia ni mke wangu. Akaandika kitu katika kitabu chake, akaniambia huyo mwanamke angefaa kazi hii.

Mnyama ni mzuri, shemeji, ukimwona mzima. Kila upande amefunikwa. Nilikaa namtazama nikafikiri, jinsi alivyovaa hivi, kitu gani kilimwingia? Bwana anasema pengine alizama tu kwenye matope.

Ananitaka niende naye Uingereza nikamsaidie kuwafungua wengine. Nimekataa. Nitapanda meli ya Agosti au Septemba. Neno la baba nimelipokea. Lile la Desemba nilikaa nalo katika giza la jela nikadhani nimelizoea, kumbe jela nilikuwa nimeichagua mimi. Hili sikulichagua, na linaniuma, nakwambia wazi. Muulize baba, kwa adabu, kama nikifika nitaweza kumwona mama kwa namna yoyote. Namna yoyote itakayokuwa, nakubali.

Nyathira usimpe salamu. Zangu kwake nitazileta mwenyewe.

Kepher


Sigor
16 Septemba 1934

Kwa shemeji Kepher,

Barua hii naituma kwa Nyathira ili uikute Kericho. Mimi nimehamisha cherehani huku Sigor, kwa sababu yule Mhindi ameleta fundi mwingine, ndugu yake. Huku Wakipsigis wamependa kaptura na hakuna anayezishona. Bilhah analalamika vumbi. Watoto wamejua Kikipsigis kuliko mimi na wananitukana mbele yangu nikicheka.

Kabla ya kuhama nilishuka Nyando tena. Nilipeleka sukari. Mzee Ojwang alinywa chai yote ndipo akajibu. Alijibu akitazama kikombe, nami nakuandikia kama alivyosema, nisije nikaongeza.

“Huyo mtu akitaka kupita hapa, apite mchana kama mgeni. Atapewa kiti ya mgeni. Hatutauliza jina yake. Jua ikishuka, aende.”

Nikamwuliza kama ni mara moja tu. Akasema mgeni huja kadiri anavyotaka, mradi anaondoka.

Najua umetarajia zaidi. Mimi pia. Lakini nimemtazama yule mzee, shemeji, na amezeeka mwaka huu kuliko miaka yote niliyomjua. Nadhani ametoboa hilo tundu katika desturi kwa kucha zake, na wenzake hawakupenda. Okello hakunisalimia.

Nyumba yako jenga popote, ardhi ya kukodi haikosekani Kedowa, naweza kuuliza. Langoni kwa baba yako usibebe kitu kama mtoto wa nyumbani. Beba kama mgeni.

Joram


Kericho, laini
25 Novemba 1934

Kwa shemeji Joram Nganga, Sigor.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kaptura zinatoka. Sisi huku hatujambo. Nimerudi kitaluni, meneja amenipa miche ya mwaka huu yote, na amenikataza kuzungumza na wageni wake. Nyathira anakusalimu. Shingo yake bado inamsumbua akigeuka upande wa kushoto, kwa hiyo sasa nalala upande wa kulia. Amenishonea tundu la mfuko. Mshono wake si kama wako.

Nilikwenda Nyando Alhamisi. Nyathira alinisindikiza mpaka Fort Ternan akabaki stesheni, akasema atangoja treni ya kwenda na ya kurudi. Nilipofika langoni nilibisha hodi. Sijawahi kubisha hodi pale maishani mwangu na sikujua nisimame wapi. Baba akatoka, akasema karibu mgeni. Akanipa kiti kile cha mwalimu wa kanisa. Nilimpa blanketi niliyonunua Mombasa, si nyekundu, nyekundu hazikuwapo. Akaipokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea vya watu, akashukuru, akaikunja magotini. Tuliongea habari ya mvua na miwa na bei ya mahindi. Wakati mmoja aliniuliza kama huko nilikotoka kuna simba. Nikasema wapo. Mkono wake ukawa unapapasa blanketi.

Kaburi langu liko kando ya mlango, umeliona. Limefagiliwa. Niliketi nimelipa mgongo kwa sababu kiti kilielekezwa hivyo, na nadhani kilielekezwa makusudi.

Mama alileta chakula. Alileta samaki, na kichwa cha samaki akaniwekea mimi, ambacho mgeni hapewi, baba akaona, akaendelea kula. Hakunitazama usoni. Alipochukua sahani alisimama kidogo nyuma yangu, nikasikia pumzi yake tu, basi akaenda.

Jua lilipoanza kulala baba akainuka. Akasema mgeni njia yako ni ndefu, mama ya hapa atakutoa kidogo. Wewe unajua kwetu mgeni anatolewa, yaani anasindikizwa, mpaka langoni, na akipendwa mpaka kwenye njia panda. Mama alipita langoni. Akapita njia panda. Alitembea mbele yangu kwa ule mguu mbovu, tukapita miwa yote ya Okello, tukavuka mto, na mimi sikumwambia arudi kwa sababu mgeni hamwamrishi mwenyeji.

Penye kilima cha kupandia stesheni alisimama. Bado hakuwa ameniita kwa jina lolote.

“Mgeni,” akaniuliza, “wewe una mama?”

“Ninaye,” nikasema.

“Yuko mzima?”

“Mzima. Mguu unamwuma, lakini anatembea sana.”

Alinyoosha mkono akarekebisha kola ya koti langu, akaangalia ule mshono wa mfuko, akaupapasa kwa kidole.

“Ukimfikia mwambie nimemwona mtoto wake,” akasema. “Mwambie amekonda kidogo tu. Na huyo mke wake anayengoja huko juu, mwambie mama yake asimlaumu.”

Nikasema nitamwambia yote. Akageuka akashuka, nami nikasimama mpaka alipovuka mto, ndipo nikapanda kwenda stesheni.

Ni mimi,
Kepher